Uokoaji wa angani: kabla hatujawaondoa wanajeshi

Juni 5, 2018, mwendo wa saa kumi na moja jioni, ndege ndogo ya FlySax iliyokuwa imetoka Kitale na watu 10 ilipoteza mawasiliano ikikaribia Nairobi. Mabaki yake yalionekana Juni 7 asubuhi katika milima ya Aberdare. Hakuna aliyenusurika. Kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi upande ule wa Aberdare, helikopta haimalizi nusu saa. Sisi tulimaliza zaidi ya saa 36.

Saa hizo 36 hutajwa kila mjadala unapozuka kuhusu nani anafaa kukabidhiwa kazi ya kutafuta na kuokoa watu kwa ndege hapa nchini Kenya. Wapo wanaosema kazi hii itolewe mikononi mwa wanajeshi, iundiwe taasisi ya kiraia yenye ndege zake, marubani wake na nambari yake ya simu. Wana hoja, nami nitazifikia. Lakini wanapoisimulia kazi yenyewe huanzia pale helikopta inapopaa, na hapo ndipo tunapopishana. Sehemu kubwa ya uokoaji ni kungoja.

Uingereza, enzi za zile helikopta za manjano aina ya Sea King, zamu ya waokoaji wa jeshi ilitakiwa iwe imepaa ndani ya dakika 15 mchana na dakika 45 usiku. Dakika 15 hizo nimezitafakari sana. Ndani yake simu inapokelewa, mahali panajulikana, hali ya hewa inaangaliwa, mafuta yanapigiwa hesabu, injini inawashwa. Haiwezekani kamwe, isipokuwa kama ndege ilikaguliwa alfajiri, iko nje ya banda na tangi limejaa, winchi, ile mashine ya kushusha na kuvuta kamba, imejaribiwa, machela na dawa vimefungwa mahali pake, na rubani, msaidizi wake, mwendesha winchi na yule anayeshushwa kwa kamba wako hapo hapo kambini. Mmoja wao akiwa amekwama kwenye msongamano Jogoo Road, dakika 15 zimekwisha. Na helikopta iliyompeleka mkubwa kwenye mazishi jana, na kesho inasubiriwa kwenye mkutano wa hadhara, si helikopta ya uokoaji, hata ingefungwa winchi mbili.

Kisha piga hesabu ya watu. Wanne hawawezi kukaa macho usiku na mchana mwaka mzima. Kuna zamu, likizo, ugonjwa, mafunzo. Kwa helikopta moja tu unahitaji vikosi kadhaa vya watu wanne wanne, mafundi wao, na helikopta ya pili ya kushika zamu pale ile ya kwanza inapokwenda matengenezo. Wote hao hulipwa kila mwezi, na siku nyingi hakuna anayepiga simu. Sasa fikiria mkurugenzi wa taasisi ya kiraia akisimama mbele ya kamati ya bajeti baada ya mwaka ambao ndege zake zilipaa mara chache tu. Tunajua kitakachofuata: bajeti itakatwa, ndege zitaanza kukodishwa ili zijilipie, na siku ya maafa zitakuwa kwingine. Jeshi ndilo tulilokwisha kuzoea kulilipa ili lingoje. Hatuulizi kwa nini askari hakupigana mwaka huu.

Tena linangojea mahali panapofaa. Jeshi la Wanahewa liko Eastleigh jijini Nairobi, liko Laikipia pale Nanyuki, miguuni pa Mlima Kenya, liko Mombasa na Wajir. Taasisi mpya ingetumia miaka mingi na fedha nyingi kujenga kilichopo tayari.

Kuna na suala la hewa yenyewe, ambalo huku mjini hatulioni. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, rafadha, yale mapanga yanayozunguka juu, inakosa cha kushika, na helikopta iliyobeba watu sita bila shida Mombasa inahangaika na watatu mlimani, hasa jua likiwa kali. Kusimama hewani ukimshusha mtu kwa kamba ni kugumu kuliko kuruka, kwa sababu injini inafanya kazi kubwa zaidi huku hakuna mwendo wa kuisaidia. Septemba 1970, daktari kutoka Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikwenda na helikopta kusaidia, akaanguka akafa. Judmaier aliteremshwa kwa kamba na wapanda milima waliokuja kutoka Austria. Kazi ya namna ile humtaka rubani aliyeizoea kwa miaka, anayeilalia na kuiamkia. Marubani wa kukodi wa Wilson ni hodari, ila wengi wao hutua jua linapozama.

Upande wa pili sasa. Hoja yao nzito ni ajali za jeshi lenyewe. Aprili 2006 ndege yake aina ya Y-12 ilianguka Marsabit, ikaua watu 14, wakiwemo wabunge. Juni 2021 helikopta iliyobeba wanajeshi waliokuwa mafunzoni ilianguka Ngong. Aprili 18, 2024 tukampoteza Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa, katika helikopta aina ya Huey huko Elgeyo Marakwet. Mtu akiuliza iwapo wanaoanguka hivi ndio wa kutuokoa, si haki kumwita msaliti. Mimi nasoma orodha hiyo hiyo na kuona kitu kingine: hakuna hata moja kati ya safari hizo tatu iliyokuwa ya uokoaji. Ni ndege zilizokuwa zikifanya kazi za kila namna, na kikosi kinachofanya kila kitu hakiwezi kufikia kiwango ambacho uokoaji unakidai.

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi, kwa kuwa inatoka kwenye kumbukumbu. Mkazi mzee wa Eastleigh hajasahau Agosti 1, 1982, wala kwamba wanahewa ndio waliojaribu kuipindua serikali. Na wasiokuwa wamezaliwa wakati huo wanazo zao: huduma za jiji la Nairobi kuwekwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi mwaka 2020, wanajeshi kutumwa mitaani wakati wa maandamano ya Juni 2024. Mtu anaogopa kwamba ukimzoesha askari kuja na machela, kesho atakuja na kingine. Katiba ililiona hilo. Kifungu cha 241 kinatenganisha mambo mawili: kusaidia wakati wa dharura au janga, ambapo jeshi letu, KDF, hutakiwa kutoa ripoti kwa Bunge la Kitaifa, na kurejesha amani, ambapo haiwezi kutumwa bila idhini ya Bunge hilo. Tukiushika mpaka huo, machela inabaki machela.

Wanatolea mfano Uingereza, iliyoikabidhi kazi hii kampuni ya Bristow kuanzia 2015. Ni kweli, na kazi inafanyika vizuri. Mkataba wenyewe ulikuwa wa pauni bilioni 1.6, na wengi wa marubani wa mwanzo walitoka jeshini. Kanada, nchi kubwa yenye watu waliotawanyika, imewaacha wanahewa wake waendelee nayo hadi leo. Mimi naona tunafanana zaidi na Kanada.

Wanachokisema bila kukosea ni kuhusu amri. Ndege ya abiria ikipotea, utafutaji uongozwe na raia kutoka kituo cha uratibu cha mamlaka ya usafiri wa ndege, na jeshi litoe helikopta na watu. Wala tusidanganyane kuhusu 2018: ukungu wa Aberdare ulizuia ndege za kila mtu, na sidai kwamba kuwahi kungemwokoa yeyote. Ila ukungu hufunguka, hata kwa robo saa, na anayeikuta robo saa hiyo ni yule aliyekwisha kuvaa kofia yake.

Kwa hiyo naomba helikopta mbili Laikipia na mbili Eastleigh, zisizobeba mkubwa wala mgeni yeyote, na ile ripoti ya Kifungu cha 241 iandikwe kwa dakika: simu iliingia saa ngapi, ndege ilipaa saa ngapi, ilifika saa ngapi, na kama haikupaa ni kwa nini. Ikionyesha kwamba zamu ya Laikipia inachukua saa nzima kupaa mchana kweupe, nitaungana na wanaotaka kazi hii ihamishwe.