Taka Tulizotenga Zisichanganywe Tena

Juma lililopita, hapa kwetu Mombasa, jirani yangu alikaribia kulia kwa hasira. Kutwa nzima alikuwa ametenga taka zake: maganda ya muhogo na miba ya samaki kwenye ndoo ya kifuniko, chupa na katoni kwenye gunia. Lori likaja, kibarua akashika ndoo, akashika gunia, vyote akavirusha mahali pamoja. Alipouliza akaambiwa lori ni moja na jaa ni moja. Sikumlaumu aliponiambia hatatenga tena.

Kila baraza tunaambiwa wananchi wahamasishwe. Jamani, tumehamasika vya kutosha! Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba atenge zinazooza na zisizooza. Sheria hiyo hiyo inaitaka kaunti iweke vituo vya kukusanyia na kuchambulia zinazoweza kutumika tena. La kwanza tunahubiriwa kila siku. La pili ndilo ninalolidai hapa, na nalidai mtaani, karibu na milango ya watu.

Nyuma ya msikiti wa kwetu, chini ya mwarobaini, kuna kina mama wanaochambua chupa tangu sheria hiyo haijatungwa. Mmoja hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu kifupi mkononi. Huzungusha kifuniko akakitia kwenye debe lake, akakata ule mkanda unaobaki shingoni, akachana karatasi ya jina, kisha akaikanyaga chupa ikalala bapa. Kifuniko na chupa ni plastiki mbili tofauti, na mnunuzi hazitaki pamoja. Hayo yote amefunzwa na mizani, kwa kukatwa kilo zake. Chupa ikija imepakwa mchuzi inambidi aioshe, na maji yenyewe ananunua kwa mtungi, kwa hivyo huiacha. Katoni ikilowa ndiyo imekwisha. Ile kazi ndogo ya jirani yangu jikoni ni riziki ya mama huyu, mradi baina yao asipite mtu akavuruga.

Basi hapo baina yao ndipo watu wa mtaa wanapotakiwa washirikishwe, tena kwa kazi yenye malipo. Mji wa Kale lori haliingii vichochoroni. Anayeingia ni kijana wa mkokoteni, na wenye nyumba wanamlipa wenyewe. Vikundi vya vijana na kina mama vipewe kandarasi ya mitaa yao. Wapewe kiwanja chenye paa, mizani na maji ya mfereji, wachambue pale pale, lori libebe yale tu yasiyo na mnunuzi.

Nitaambiwa vijana hao hao ndio wanaomwaga taka kwenye mikoko ya Tudor usiku. Wapo, sikatai, na inaniuma kuona mizizi ya mikoko imefunikwa na nepi na chupa. Lakini wakamwage wapi? Jaa la Kibarani lilifungwa na pakapandwa miti, nami nashukuru, maana uvundo ule ulikuwa aibu mlangoni mwa kisiwa. Taka zikaelekezwa Mwakirunge, Kisauni. Nani atasukuma mkokoteni kutoka Majengo, avuke daraja la Nyali, afike Mwakirunge na kurudi, kwa pesa anayolipwa na nyumba chache?

Zinazooza ni zaidi ya nusu ya taka za majumbani mwetu. Nyingi ni maji matupu, kwa hivyo lori linachoma mafuta kubeba maji, na zikifukiwa jaani bila hewa zinatoa gesi inayoshika moto. Zingeishia kuwa mboji, au chakula cha mbuzi.

Watu wetu hubadilika mambo yanapobadilika mbele yao. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, ulikwenda soko la Kongowea, muuzaji hana mfuko wa kukupa, ukarudi nyumbani kuchukua kikapu. Ya magendo bado inaingia, najua, lakini kikapu kilirudi mkononi. Siku za usafi zenye fulana na hotuba sizipingi, ila Jumatatu mtaro unajaa tena.

Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kuzoa taka mikononi mwa kaunti, na kaunti inatakiwa ituulize maoni kabla ya kupitisha bajeti. Kikao hicho kikiitishwa katika wadi yetu nitakwenda, na nimeshamwomba jirani yangu na wale kina mama wa mwarobaini tufuatane. Tutauliza kiwanja cha kuchambulia kitakuwa wapi, mizani itanunuliwa kwa fungu lipi, na taka kavu zitachukuliwa siku gani peke yake. Nanyi wa Likoni, Changamwe na Mikindani, ulizeni kwenu.