Rufaa Haitahesabu Misokoto

Wiki jana hapa Kondele, Kisumu, nilisikia watu wakishangilia kana kwamba Gor Mahia imefunga bao dakika ya mwisho. Kumbe sivyo. Kijana wa bodaboda aliyeachiliwa huru kwenye kesi ya bangi ameletewa karatasi: serikali imekata rufaa. "Si tulisema alihonga?" "Sasa ataenda ndani sawasawa." Kibanda kizima cha chai, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hakimu alimwachilia kwa nini.

Mimi nilikuwepo siku ya ushahidi. Mamake ni jirani yangu, na hakutaka kukaa peke yake kwenye ile benchi. Afisa aliyemkamata akaapa, akatiririka kama mtoto anayekariri shairi la mashindano: tulikuwa kwenye msako, mshukiwa akajaribu kutoroka, tukampekua, tukapata misokoto 14 ya bangi. Hakimu akamwambia, haya, tuhesabie. Bwana akatoa bahasha ya kaki iliyobandikwa selotepu, haina sahihi ya mtu yeyote, akaanza kupanga misokoto mezani mmoja mmoja. Ikaishia 11. Akarudia polepole, jasho likimshuka hadi kwenye kola. 11. Akasema labda mingine ilibaki kwa Mkemia wa Serikali. Ripoti ya mkemia nayo ikasomwa: alipokea 11. Na maabara yenyewe iko papa hapa Kisumu, haikupanda basi kwenda Nairobi. Mitatu ilienda wapi njiani? Sitasema ilivutwa na nani.

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ina kifungu cha 74A kinachotaka mzigo upimwe uzani mshtakiwa akiwepo, na mkemia achukue sampuli hapo hapo, "inapowezekana". Mnajua hilo neno linavyotumika vituoni kwetu. Haijawahi kuwezekana.

Zamani serikali ingeweza kupinga mtu kuachiliwa kwa hoja ya sheria peke yake. Kama hakimu amesema shahidi haaminiki, basi, hapo pamekwisha. Desemba 2014, wakati wa ule mswada wa usalama, wabunge wakikunjana mashati na kurarua karatasi, kifungu cha 348A cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kikabadilishwa: sasa rufaa ni ya sheria na ya ukweli wa mambo pia, na Mahakama Kuu ikikubaliana na serikali inaweza kukutia hatiani na kukufunga yenyewe.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kesi ya kupatikana na bangi mara nyingi haina kingine ila neno la askari dhidi ya neno la kijana, pamoja na bahasha. Hakimu alimwona yule afisa. Alimwona akihesabu, akameza mate, akahesabu tena. Jaji atapewa kurasa zilizopigwa chapa zinazosema "PW1 alihesabu misokoto 11"; PW1 ndiye yule afisa, shahidi wa kwanza wa mashtaka. Jasho haliandikwi kwenye mwenendo wa kesi. Tangu kesi ya Okeno, mwaka 1972, mahakama zetu zinasema jaji wa rufaa apime ushahidi upya, lakini akumbuke kwamba yeye hakuwaona mashahidi wala kuwasikia. Vizuri. Lakini kukumbuka kwamba hukuona si sawa na kuona, jamani! Tena rufaa haiwezi kuongeza msokoto hata mmoja kwenye ile bahasha. Kama kesi iliharibikia kituoni, itafika kwa jaji ikiwa imeharibika vilevile.

Haya, nakubali, na nakubali kwa shingo upande: wako mahakimu wanaomwachilia mtu wa magunia kutoka upande wa Isebania kwa sababu tarehe imekosewa kwenye hati ya mashtaka. Hongo nayo ipo, nisijifanye mgeni wa nchi hii. Huyo wa magunia mkatieni rufaa hata mara mbili. Lakini misokoto? Bunge lenyewe lililegeza mwaka 2022. Bangi ya kuvuta mwenyewe sasa ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka mitano. Na hili ndilo tunalolitafutia jaji?

Wakati huo mwenye pikipiki ameshachukua pikipiki yake. Hakungoja jaji.

Halafu kuna suala la wakili. Kijana alijitetea mwenyewe, akamhoji afisa kwa Kiswahili chake cha steji, akashinda. Katiba, ibara ya 50, inasema serikali impe wakili kama bila hivyo haki itaumia vibaya. Bado hajapewa. Karatasi za rufaa ni za Kiingereza cha mahakamani, na aliyemsomea na kumfafanulia ni kijana wa saiba, lile duka la intaneti, ambaye baadaye alimtoza shilingi 20 za fotokopi.