Mvuto Mmoja Tu

Mimi ni mtoto wa Tanga, na katika miaka yangu arobaini na saba sikuwahi kufikiri kwamba atakayenivunjia heshima mbele ya majirani ni kamba isiyozidi urefu wa kanga na nusu. Tangu Mama Zuhura alipopata kazi ya uuguzi huku kaskazini mwa Minnesota, Marekani, ambako theluji huingia Novemba na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, nimezoea kuvaa soksi tatu na nimezoea kula samaki waliovuliwa kwenye tundu la barafu. Pikipiki ya theluji iliyokwisha kutumika, ile inayoteleza juu ya theluji na kuwashwa kwa kuvuta kamba, ndiyo iliyonishinda, na sioni haya kulisema.

Niliinunua kwa dola 700 kutoka kwa mzee mmoja mwenye sauti ya upole, ambaye alinihakikishia katika simu kwamba chombo chake hakijui kusumbua. "Mvuto mmoja tu," alisema. Nilipofika uani kwake niliikuta tayari inanguruma na kufuka moshi wa bluu, nami nikadhani huo ni ukarimu, kama mwenyeji anayekubandikia chai kabla hujavua viatu. Laiti ningekuwa na akili niliyo nayo sasa, ningemwomba aizime, tuingie ndani tuzungumze habari za watoto na wajukuu kwa saa tatu nzima mpaka injini ipoe kama jiwe la mtoni, kisha yeye mwenyewe atoke akaivute. Injini yenye moto huwaka hata ukiipigia mluzi. Ile iliyolala baridini usiku kucha ndiyo inayosema ukweli, na mimi sikuihoji.

Siku ya kwanza sitaizungumzia sana. Nilivuta mara arobaini, jasho likinitoka ndani ya koti na kuganda kwenye nyusi, kabla Zuhura, mwenye miaka kumi na mmoja, hajaniuliza kile kitufe chekundu cha kuzimia injini kilichobonyezwa kina kazi gani.

Jirani yangu, mzee ambaye babu zake walitoka Finland kama walivyotoka wa wengi katika sehemu hizi, hutoka kila asubuhi na kikombe cha kahawa kuja kunitazama. Kipimo kilikuwa nyuzi 29 chini ya sifuri, nami nilipolalamika alinijibu kwamba hiyo si baridi, kwamba baridi aliiona tarehe 2 Februari 1996, siku ambayo pale Tower, mji usio mbali nasi, kipimo kilishuka mpaka nyuzi 51 chini ya sifuri. Mimi navuta, yeye anasimulia. Alinieleza jinsi kampuni ya Polaris, watengenezaji wa pikipiki za theluji, ilivyoanzishwa katika mji wa Roseau, hapa hapa Minnesota, mwaka 1954, na jinsi Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alivyoanza kuuza pikipiki zake za theluji za Ski-Doo mwaka 1959. Nilimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nilijiuliza kwa nini katika mabingwa wote hao hakutokea hata mmoja wa kunishikia kamba.

Wiki hiyo hiyo kamba ikagoma kurudi. Unaivuta, inatoka, kisha inabaki inaning'inia ubavuni kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbizwa. Nikampigia simu shemeji yangu wa Tanga, ambaye ametengeneza injini za boti za wavuvi tangu hajaota ndevu. Saa tatu asubuhi kwangu ni saa kumi na mbili jioni kwake, kwa hiyo nilimkuta ametulia barazani. Nikamwonyesha kwa video. Akacheka sana, kisha akasema, "Shemeji, hiyo ni injini ya boti tu, wameivalisha viatu vya barafu." Na kweli, ni ile ile ya kuchanganyiwa petroli na oili, na kamba yake imezungushwa kwenye roda, nyuma ya roda kuna springi bapa iliyojikunja kama dawa ya mbu ya kuchoma, na mbele yake kuna kucha za chuma zinazochomoza ukivuta ili zishike kikombe kilichofungwa kwenye injini. Akaniambia nifungue boliti za kile kifuniko, nikitoe chote, nikipeleke mahali penye joto ili barafu iyeyuke, nikague springi. Akaniambia pia nivae glavu na miwani. Hilo la mwisho nililichukulia kuwa ni utani.

Mahali penye joto katika nyumba yetu ni jikoni, na Mama Zuhura alikuwa amebandika maharage ya nazi. Niliweka kifuniko mezani juu ya gazeti, nikafungua skrubu ya katikati, nikainua roda taratibu kama mtu anayefunua chungu cha wali. Springi ilikuwa imeachia ndoano yake upande mmoja tu, na kumbe upande wa pili ulikuwa umejaa hasira ya miaka yote hiyo. Ilifyatuka kwa mlio ambao sijausikia tena. Ikapita karibu na sikio langu, ikagonga kifuniko cha sufuria, ikaanguka sakafuni na kujinyoosha mpaka chini ya friji, ikitikisika kama nyoka aliyekanyagwa mkia, huku grisi nyeusi ikichora ukuta mstari mmoja mrefu, mzuri kwa kweli, kama mwandiko wa mtu aliyesoma.

"Baba Zuhura, hicho ni nini?"

"Ni springi."

"Na hapa ni wapi?"

Nikanyamaza, kwa sababu swali hilo lilikuwa halihitaji jibu.

Kuirudisha springi ndani ya nyumba yake kulinichukua usiku mzima, mizunguko yake ikiingia mmoja mmoja huku kidole gumba kikizuia uliokwisha kuingia. Nikanunua kamba mpya ya milimita 5, nikachoma ncha zake kwa kiberiti zisifumuke, nikapiga fundo. Shemeji alinisimamia kwenye simu kana kwamba najifungua. Alisisitiza kwamba roda lazima izungushwe mara kadhaa kabla kamba haijapitishwa kwenye tundu la mshikio, ili springi iwe na nguvu ya kuirudisha kamba yote, lakini nisizidishe, kwa maana kamba ikitoka mpaka mwisho ni lazima springi ibakiwe na nafasi, la sivyo itakatika. Kesho yake kamba ilirudi kwa kishindo. Nikamwita jirani aje aone. Akaja na kahawa yake.

Nikavuta. Kamba ikatoka kwa ulaini wa kutisha, ikarudi, injini haikuwa na habari. Roda ilikuwa inazunguka hewani! Kumbe, kwa mapenzi yangu, nilikuwa nimepakaza kucha zile grisi ya kutosha kulainisha ekseli ya lori, na grisi hiyo katika baridi ya huku hugeuka kuwa gundi, kucha zikalala ndani na kukataa kuchomoza. Nikafungua tena, safari hii nje, kwa amri ya mwenye jikoni. Nikaosha kila kitu, nikapaka grisi nyepesi ya baridi kiasi cha kucha ya kidole kidogo.

Baada ya hapo kamba ilishika, injini ikazunguka, na bado haikuwaka. Hapa ndipo nilipokaribia kuisukumia ziwani. Shemeji akasema nisogeze simu karibu, nivute, asikie. Nikavuta. "Kompresheni ipo, injini bado inagandamiza hewa," akasema kutoka umbali wa bahari nzima, "ingekuwa pistoni imekwisha, kamba ingekuja kama unavuta uzi wa kishada. Toa plagi uniambie zimelowa au ni kavu." Zilikuwa kavu kama kisamvu cha juzi. Plagi zilizolowa, alinieleza, maana yake petroli imezidi na injini imekunywa kupita kiasi, basi unazikausha na kuvuta bila choki, kile kizuizi cha hewa kinachozidisha petroli injini ikiwa baridi. Plagi kavu maana yake petroli haifiki kabisa. Kumbe yule mzee mpole alikuwa ameacha petroli ya mwaka jana kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ikachacha, ikageuka utomvu na kuziba vijitundu ambavyo hata unywele hupita kwa shida. Siku aliyoniuzia inawezekana alitumia nusu ya asubuhi kuibembeleza iwake, na mimi namshukuru kwa bidii hiyo.

Nilipozitoa kabureta zote mbili ili nizisafishe, niliangalia ndani ya sanduku la kuvutia hewa, na humo nikakuta kiota cha panya kilichofumwa kwa sponji ya kiti changu, kimepangwa vizuri kuliko chumba cha mwanangu. Mwenyewe hakuwepo. Shemeji hakuamini kwamba kuna panya anayekubali kuishi katika barafu kwa hiari. Nikamwambia hata mimi nipo.

Jumamosi iliyopita, petroli ikiwa mpya, plagi mpya, choki imevutwa na kitufe chekundu kimeinuliwa (nimekikagua mara tatu), nilifanya kama nilivyofundishwa: kuvuta polepole mpaka kamba iwe nzito mkononi, kuiacha irudi taratibu, ndipo kuvuta kwa nguvu moja iliyonyooka, badala ya kunyofoa kama mtu anayeng'oa muhogo. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa na kutema moshi. Mara ya tatu ikawaka, ikanguruma hata theluji ikadondoka kutoka kwenye paa la banda, na jirani yangu akamwaga kahawa.

Nikapanda. Nikazunguka nyumba mara moja, mara mbili, mara tano. Mama Zuhura akatoka kibarazani akanipungia mkono. Mara ya tisa akanifanyia ishara ya kula. Mara ya kumi na nne akaniuliza, kwa sauti ya kushinda injini, kama nina mpango wa kuizima. Nikamjibu kwamba naja. Sikuwa naja. Nilikuwa natazama mshale wa petroli ukishuka, na kila nilipopita mbele ya banda niliutazama ule mshikio mweusi wa kamba, umetulia mahali pake, unanisubiri.