Kitabu Kisichonidai Chochote

Shuleni tulisomeshwa riwaya kwa mtindo mmoja tu: taja dhamira, eleza ujumbe, jadili jinsi mwandishi alivyofaulu. Miaka mingi baada ya mtihani wa mwisho, bado nilikuwa nikishika kitabu chepesi kwa haya, kama mtoto aliyefumwa akichota sukari kabatini.

Haya hiyo ilinitoka masika moja, jioni ambayo maji yalikuwa yamefunga njia na umeme umekatika tangu alasiri, nami nimejilaza kando ya chemli nikisoma kwa mara ya nne Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi. Aliyemuua Bwana Ali nilikwisha kumjua zamani. Nilichokuwa nikikifuata ni Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake: namna anavyovuta taratibu, akafikiri, akamwacha rafiki yake Najum ahangaike na maswali, huku yeye ametulia kama mtu ambaye hakuna anayemsubiri popote. Maiti ipo, sikatai, lakini mazungumzo yanakwenda kwa mwendo wa barazani, kwa Kiswahili cha Unguja ambacho ukikisoma kwa sauti unatamani uirudie sentensi hata kama umeielewa.

Wapo wanaosema kwamba huko ni kuyakimbia maisha. Na iwe hivyo. Mtu aliyesimama ndani ya daladala saa nzima, na ambaye nyumbani anasubiriwa na ada ya shule na bili ya maji, sioni kwa nini anyimwe kurasa ishirini za kupumulia. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuhariri Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, na huwa najiambia kwamba labda alimaliza mafunzo yote huko, hadithi zikabaki kwa ajili ya starehe.

Kinachonikera ni kwamba duka la vitabu lililo karibu nami limejaa vya kiada kuanzia mlangoni hadi ukutani, na ukiulizia kitabu cha kujiburudisha unaelekezwa kwenye magazeti.

Nakala yangu haina tena jalada. Juzi mpwa wangu aliikuta mezani akaniuliza inafundisha nini. Nilimwambia haifundishi kitu, inanichekesha tu. Akaondoka nayo, na hadi leo hajairudisha.