Kakamega: dhahabu ilijenga mji, ikavunja ahadi

Wengi husema mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ulizaliwa na dhahabu. Sivyo. Serikali ya kikoloni ilihamisha boma la wilaya kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, na ilikuwa 1931 ndipo Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipogundua dhahabu karibu na hapo. Boma lilikuwapo, na mashamba ya Waluhya yalikuwapo tangu enzi za mababu. Dhahabu ilileta watu wengi kwa mara moja, wote wakiwa na haraka.

Haraka hiyo ilikuwa na chanzo. Uchumi wa dunia ulikuwa umezorota, bei ya mahindi na kahawa imeporomoka, nzige wameshambulia mashamba. Walowezi waliolemewa na madeni wakaja kupiga mahema kando ya mito, wakaanza kuosha mchanga.

Wanaoisifu enzi hiyo wana hoja ya kusikilizwa. Vijana waliozoea kwenda mbali kutafuta kibarua walikipata karibu na kwao. Kambi zilihitaji unga, kuku, mayai na kuni, na wauzaji walikuwa wenyeji. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, uliendelea hadi 1952. Kwa watu waliodaiwa kodi ya nyumba kila mwaka, shilingi hizo hazikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, kwangu mimi uzito uko kwenye sheria. Mwaka 1930 serikali ilitunga sheria ya amana ya ardhi ikiahidi kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika, ni ya wenyeji milele. Kipande kikihitajika kwa manufaa ya umma, baraza la wenyeji lilipaswa kuulizwa, na hifadhi ifidiwe kwa ardhi nyingine. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa: ardhi ya madini ingetolewa bila baraza kuulizwa, na fidia iwe fedha tu. Hata Uingereza kwenyewe walikuwapo waliopaza sauti kupinga.

Serikali ilijitetea kwamba uchimbaji ni wa muda na ardhi ingerudi. Nakubali kwamba hofu ya jamii nzima kufukuzwa haikutimia. Dhahabu ilipungua, wageni wakaondoka. Lakini shamba la ukoo si mali ya aliye hai peke yake. Lina makaburi ya wazee na fungu la watoto ambao hawajazaliwa, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kupokea noti. Mtu akishaambiwa "milele" kisha neno likabadilishwa bila yeye kuitwa, atakuamini vipi tena?

Swali hilo limerudi. Isulu na Bushiangala, kule Ikolomani katika Kaunti ya Kakamega, kampuni imethibitisha kuna dhahabu nyingi chini ya mashamba ya watu, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kushuka mashimoni na kukamata dhahabu kwa zebaki. Kampuni ina mtaji na mashine za kufika kina ambacho hao hawakifikii, na kaunti inahitaji mapato, sipingi. Ila ningependa kuona mkataba unaotaja ardhi mbadala iko wapi na ni ekari ngapi, kabla familia ya kwanza haijafukua kaburi la babu yao.