Nilivyompandishia mshkaji wangu mahari kisa muvi

Hapa ninapoandika nadaiwa laki mbili na nusu za ng'ombe ambaye sijawahi kumuona, na wala sio mimi niliyeoa, aliyeoa ni mshkaji wangu, mimi nilienda tu kama msindikizaji, kazi yangu ilikuwa kubeba begi la mshenga na kukaa kimya. Kukaa kimya ndo kulinishinda.

Ngoja nianzie nyuma kidogo maana bila kibanda umiza hamtaelewa kitu.

2006 nipo darasa la nne, Mabatini hapa Mwanza, kulikuwa na kibanda cha mabati, mia moja unaingia, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu na muvi zote zimetafsiriwa. Wa zamani mnajua. DJ anaongea juu ya muvi, anakuambia nani steringi nani adui, na pale asipoelewa Kiingereza anatunga, na huyu wa kwetu alikuwa anatunga vizuri kuliko mwenye muvi. Ndo nilipoiona The Lord of the Rings, ile ya pili, The Two Towers ya 2002. Kwa DJ wetu Aragorn alikuwa Steringi, Gandalf ni Babu, Frodo ni Dogo wa Pete, Legolas ni Masikio, Gimli ni Mfupi. Sasa kama umeiangalia unaijua ile vita ya kwenye ngome, Helm's Deep, usiku, mvua inapiga, Masikio na Mfupi wanaua maadui huku wanahesabu kwa sauti, Mfupi anasema mi tayari wawili, Masikio anamjibu mi kumi na saba.

Kwanini wanahesabu? DJ akatuambia. Mfupi anataka kumuoa dada yake Masikio, na mzee wao kasema kila kichwa cha zombi ni ng'ombe mmoja wa mahari. Ndo maana Masikio anaua haraka haraka vile, anamaliza mazombi ili shemeji akose ng'ombe wa kutosha, hataki dada yake aolewe na mtu anayemfika kiunoni.

Aisee kibanda kizima tulikuwa upande wa Mfupi. Kuna mzee muuza kahawa aliacha birika mlangoni akaingia bure, akasimama katikati akasema mwacheni kijana aoe!

Basi hiyo ikakaa kichwani. Nimekuja kuiangalia muvi yenyewe ya Kiingereza nikiwa chuo, nimekaa masaa matatu nasubiri dada yake Masikio atokee. Hatokei. Posa hakuna, mzee wa mahari hakuna. Mtu mwenye akili zake hapo angesema DJ alitupiga. Mimi nikasema Peter Jackson, yule aliyeiongoza muvi, kakata.

Na msinicheke, nilikuwa na sababu, maana nilipoanza kuulizia nikakuta muvi imetoka kwenye kitabu cha mzee anaitwa Tolkien, na kweli jamaa kakata vitu vyake kibao. Kuna mzee mmoja wa msituni anaitwa Tom Bombadil, kitabuni anawaokoa kabisa wale wafupi wa Shire, kwao na Frodo, kwenye muvi hayupo hata kivuli. Kuna Glorfindel, yule ndo anampa Frodo farasi wa kukimbilia, kwenye muvi kazi yake kapewa Arwen, mpenzi wa Steringi. Mwisho wa kitabu wale wafupi wanarudi kwao wanakuta yule mchawi Saruman kashaharibu kijiji kizima inabidi wapigane upya, kwenye muvi wanarudi wanakunywa bia. Sasa mtu aliyekata yote hayo atashindwaje kukata posa? Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kitabu. Popote wanapobishania muvi mimi nipo, naongea kwa uchungu, muvi lazima imheshimu mtunzi, tumechoka kudanganywa. Mpaka kitabu chenyewe nikanunua cha mtumba, vyote vitatu vimeshonwa pamoja, kurasa zaidi ya elfu moja, nikakisoma mpaka ukurasa wa kumi na mbili.

Tuje kwenye safari. Mshkaji anaoa Sengerema, tunaenda kupanga mahari, na hii ni kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa 2025, tukapita Kamanga kwa feri. Msafara watu wanne: baba mkubwa wake ambaye ndo mshenga, dada yake ambaye ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, fundi simu mmoja rafiki yetu, na mimi na begi. Mpango wa wazee ulikuwa ng'ombe wanane, tukibanwa sana kumi. Na nimebeba kitabu, kwanini nimebeba sijui, nadhani nilitaka yule mwalimu anione nacho.

Pale mjini wakati wa kupanda tukamsaidia mama mmoja kupandisha kreti nne za soda, mama mcheshi, amejifunga kitenge cha njano, akatubariki sana. Mkumbukeni huyo mama.

Feri ikang'oa, lile jiwe la ziwani, Bismarck Rock, linaanza kuwa dogo kule nyuma, baba mkubwa kasinzia na kofia usoni, fundi simu akaona kitabu. Akaanza. Yeye ni mtu wa muvi, anazo zile ndefu kabisa kwenye flashi, anasema kitabu kina sura nzima watu wamekaa kikao wanaongea tu, ukiweka hiyo kwenye muvi watu wanalala kama baba mkubwa hapa, na kama jamaa kakosea mbona ile ya tatu ilichukua Oscar 11 kati ya 11 ilizoshindania? Mwalimu akasema yeye kukata hakumsumbui, Bombadil aende tu, lakini kumgeuza mtu tabia hapo hapana, kitabuni yule kapteni Faramir anasema pete hiyo hata angeikuta njiani asingeiokota, kwenye muvi anamkamata Frodo na kumburuza mpaka mji wa Osgiliath, huyo sio Faramir huyo ni mgambo wa jiji.

Nikaona huyu dada kasoma kweli. Ningenyamaza hapo leo nisingekuwa na deni la laki mbili na nusu. Ila fundi simu akatia neno lake, eti Helm's Deep mwishoni Mfupi alimshinda Masikio 43 kwa 42. Mwalimu akasema hapana, hiyo ni muvi, kitabuni Gimli ana 42 na Legolas 41. Wakaanza 43, 42, 43, 42, mimi damu ikachemka, yaani watu wasomi wanabishania idadi halafu hakuna hata mmoja anayesema ya nini!

Nikasimama. Injini ya feri mnajua inavyounguruma, huwezi kuongea bila kupaza. Nikapaza. NI NG'OMBE AROBAINI NA MBILI! Sio arobaini na tatu! Ng'ombe arobaini na mbili za mahari, yule binti hakuolewa bure, familia ilitaja na kijana akatoa, na hii habari ya kuficha ficha mahari ya watu mimi siitaki!

Kimya. Mpaka jamaa wa mihogo akaacha kumenya. Mwalimu ananiangalia anauliza taratibu, binti yupi? Nikamwambia dada yake Legolas. Akasema Legolas dada yake hayupo popote kwenye hiki kitabu, hebu lete. Akafungua. Ukurasa wa kumi na mbili kakuta tiketi ya daladala ya miaka miwili nyuma. Akakigeuza, kwenye jalada la nyuma kuna shimo la duara, akaligusa na kidole, akauliza hii nini, na mimi kwa aibu nikasema ukweli, mguu wa kitanda.

Fundi simu alicheka mpaka akalala kwenye sakafu ya feri. Ikabidi nieleze yote, kibanda, DJ, Mfupi, mazombi, mzee wa kahawa. Mwalimu naye akacheka hadi machozi, na mimi nikafikiri basi, nimeumbuka, yameisha, tukashuka Kamanga tukapanda hiace.

Kufika ukweni tunapokelewa vizuri mno. Vizuri kupita kiasi. Mbuzi keshachinjwa, viti vya kukodi, wajomba wamejaa wanatuangalia kama watu wa serikali. Nikaona soda zinaletwa, nikaangalia kreti, mbona nazijua hizi. Nikainua macho, mama wa kitenge cha njano kasimama mlangoni anatabasamu. Shangazi wa bi harusi.

Msemaji wao akasimama akakohoa. Akasema sisi tulikuwa na namba yetu, lakini tumesikia wageni ni watu wazito, hatutaki kuwavunjia heshima kwa kutaja kidogo, kwa hiyo tutaanzia pale mlipopataja wenyewe kwenye feri. Arobaini na mbili.

Baba mkubwa soda ilimtokea puani. Yeye alikuwa amelala, hajui lolote, akageuka anatuangalia mmoja mmoja kama anatafuta mwizi. Na hapohapo, sijui shetani gani alimpitia, fundi simu akanyoosha kidole, samahani wazee, kwenye muvi ni arobaini na tatu.

Ikabidi nisimame. Wazee shikamooni, wale ng'ombe sio wetu, ni wa kwenye muvi. Muvi ya nani? Ya Peter Jackson. Mjomba mmoja akauliza Jackson yupi, wa Nyehunge? Nikasema hapana mzee, wa New Zealand. Akauliza sasa huyo naye anaingiaje kwenye mahari ya binti yetu? Nikaona hapa hakuna njia ya mkato, nikaanza kusimulia kuanzia mwanzo, nimesimama katikati ya sebule ya watu, natoka jasho, Babu, Dogo wa Pete, ngome, mvua, moja, mbili, kumi na saba. Nikajikuta natumia sauti ileile ya DJ, na wazee wakaanza kusogeza viti. Watoto wakajaa dirishani. Nilipofika pale Masikio anawamaliza mazombi ili shemeji asioe, mjomba wa Nyehunge akapiga paja, huyo shemeji ana roho mbaya huyo!

Bibi wa bi harusi alikuwa pembeni kwenye mkeka, hajasema neno tangu asubuhi. Akauliza, kwa hiyo yule mfupi alioa hakuoa? Mwalimu, maana mwalimu ni mwalimu tu, akaona awaweke watu sawa, akasema bibi, kwenye kitabu chenyewe hakuna posa, Gimli alimuomba malkia mmoja anaitwa Galadriel unywele wake mmoja tu wa kumbukumbu, malkia akampa mitatu. Bibi akamuangalia sana. Nywele? Mitatu? Za kufanyia nini? Mwalimu akasema za kutunza tu bibi, kwa heshima. Bibi akatikisa kichwa, akasema mtu anayeomba nywele za mwanamke wa watu kwetu huwa tunamuuliza maswali, hiyo ya ng'ombe ndo hadithi, hiyo ya nywele sijui ya wapi.

Mwalimu akajaribu, lakini bibi, ya ng'ombe katunga mtu wa video. Bibi akasema hata mimi natunga. Kwenye hadithi yetu ya Kisukuma, kijana Masala Kulangwa alipompasua lile zimwi Shing'weng'we watu wote liliowameza walitoka tumboni, hivyo ndivyo nilivyoambiwa mimi na mama yangu, lakini hawa wajukuu wakinisumbua naongeza kwamba watoto wakorofi walibaki ndani. Dirisha zima la watoto likanyamaza, inaonekana ndo walikuwa wanajua leo.

Mwalimu akafunga kitabu. Nimeona watu wengi wakibishana naye, bibi ndo wa kwanza kumshinda.

Ule mkasa ukavunja barafu yote ya kikao, sijui niseme, watu walikuwa wanacheka, mambo yakaenda mbio, tukashuka kutoka 42 mpaka kumi na mbili, kutoka kumi na mbili mpaka wanane waliotakiwa, baba mkubwa anapanguza kofia kwa furaha. Halafu shangazi wa kitenge akasema hapana, yeye alishawapigia simu ndugu mpaka Geita kuhusu wale 42, haiwezi kuisha bure bure, lazima kuwe na faini kwa kumuaibisha yeye. Wajomba wakanong'ona. Wakasema ng'ombe wa tisa, huyo ni wa Mfupi, na atamtoa huyu bwana wa begi.

Baba mkubwa akasema tumekubali kabla sijafungua mdomo.

Mshkaji ndo alinilipia, laki sita, namrudishia kidogo kidogo, imebaki hiyo laki mbili na nusu, fundi simu alinichangia elfu kumi na akasema hiyo ni ya yule wa 43. Mwalimu kanipa ratiba ya kusoma, kurasa kumi kila siku, ananiuliza maswali kwa simu jioni, nipo ukurasa wa mia mbili na kitu, wamekaa kwenye kile kikao, na naanza kumuelewa fundi simu. Kitanda nimekiwekea tofali.

Sasa juzi bi harusi kanitumia meseji. Yule ng'ombe wangu walimpa jina, anaitwa Mfupi ingawa ni jike, na amezaa ndama jike, na bibi anauliza yule dada yake Masikio alikuwa anaitwa nani ili ndama apewe jina lake. Nimemuuliza mwalimu, kajibu neno moja, hayupo. Bibi kasema anasubiri, hawezi kulala na ndama asiye na jina. Nipo hapa nje Mabatini tangu saa kumi na mbili natunga.