Rwenzori si Kilimanjaro, beba gambuti

Makala nzuri, ila hapo mlipoandika kuwa Rwenzori ni "mlima mmoja kama Kilimanjaro" nakataa. Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake. Rwenzori ni safu nzima mpakani mwa Uganda na Kongo, na wala si volkano: ni miamba ya kale iliyosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa. Humo mna Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, kila mmoja mlima wa kujitegemea. Kilele kirefu kuliko vyote, Margherita, kipo Stanley, mita 5,109. Kwa Afrika, milima inayouzidi Stanley ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu.

Halafu mbona matope hamkuyataja? Mimi nilizoea njia ya Marangu kule Kilimanjaro, nikaenda Rwenzori na viatu vyangu vya bei mbaya. Tulipofika kwenye kinamasi cha Bigo nikazama hadi magotini, mguu ukatoka, kiatu kikabaki huko chini. Mpagazi wetu, Mkonzo (kabila la huko huko milimani) aliyevaa gambuti tangu getini, akaingiza mkono hadi kwenye kwapa akakivuta, huku anacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje!

Lakini ile mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu, na miti yenye ndevu za kuvu mwamba zinazodondosha maji hata mvua ikikatika, Kilimanjaro sikuiona kwa wingi ule. Barafu ya Stanley nayo inazidi kurudi nyuma, kwa hiyo anayeitaka asingoje sana.